Trinidad, Cuba: nianzie wapi?

Muulizaji: Ndugu zangu, ninatarajia kuzuru Trinidad kwa ajili ya utamaduni na chakula. Mnanishauri nianzie wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Anzia Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, asubuhi, ukiwa umevaa viatu imara, kwa kuwa barabara zimetandazwa mawe yasiyo sawa. Mji huo ulioanzishwa mwaka 1514 ulitajirika kwa sukari, lakini fahari ya majumba yake haieleweki mpaka ufike Valle de los Ingenios, bonde la viwanda vya zamani vya sukari lililo karibu na mji, ambako mnara wa Manaca Iznaga, wenye urefu wa mita 45 hivi, ulitumika kuwachunga watumwa mashambani. Binafsi ningeutanguliza huo kabla ya makumbusho yoyote.

Mchangiaji wa pili: Naafiki. Kuhusu chakula, lala katika nyumba za wenyeji, na uagize chakula cha jioni mapema ili mwenyeji wako apate nafasi ya kutafuta mahitaji. Omba ropa vieja, yaani nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzinyuzi na kupikwa kwa nyanya na pilipili hoho. Canchánchara, pombe ya miwa iliyochanganywa na asali na ndimu, huletwa katika kikombe cha udongo. Ni tamu, ila hulewesha upesi.

Muulizaji: Ahsanteni. Kadi ya benki itanifaa?

Mchangiaji wa pili: Usiitegemee, hasa ikiwa ni ya benki ya Marekani, beba fedha taslimu.