Mrejesho: rolex tamu Kampala nimeipata

Ndugu zangu, niliwauliza rolex tamu, ile chapati inayokunjwa na mayai ndani, Kampala hii inapatikana wapi, mkanitajia Wandegeya, Kabalagala na Ntinda. Nimezunguka kote, mkanda wa suruali ni shahidi.

Kabalagala nilikula saa sita usiku. Mayai matatu, lakini chapati ilipikwa asubuhi, ngumu kama kandambili. Ntinda waliniwekea soseji katikati, eti ndiyo hotidogi ya Kiganda. Soseji yenyewe baridi. Sirudi.

Wandegeya, pale karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, ndiko nilikokwama. Jamaa anasukuma chapati ukiwa umesimama hapo hapo. Mayai anayapiga kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, anamwaga kwenye kikaango, na kabla yai halijakauka analifunika kwa chapati. Vinashikana! Ukikunja, hakuna kinachodondoka. Wale wengine walisubiri yai liive kabisa, ndiyo maana lilikuwa linateleza kila nikiuma.

Nililipa shilingi elfu tatu za Uganda, na nyanya mbichi anakukatia juu. Ila wewe uliyesema niombe pilipili "kidogo tu", ssebo (yaani bwana), uliniweza. Kidogo chake kilinitoa machozi mbele ya wanafunzi. Kesho narudi.