Naanza kuosha gari mwenyewe: ninunue vifaa gani kwanza, na vipi niachane navyo?

GeuSafi

Habari zenu wakuu. Nataka niwe naosha gari langu mwenyewe. Ni jeusi, linalala nje, na rangi bado ni ya kiwandani. Nikiangalia vifaa nachanganyikiwa: shampuu za kila aina, nta, polishi, dawa ya rimu, ya tairi, ya dashibodi, ya vioo, halafu kuna zile seti za vitu ishirini ndani ya begi moja. Naomba mnisaidie haya:

1. Vipi ni vya lazima kwa kuanzia, na ninunue vingapi?
2. Sabuni ya vyombo inatosha au lazima shampuu ya gari?
3. Nta na polishi, nianze na ipi?

Sina mashine ya presha, nina mpira wa maji wa kawaida tu.

Fundi_Klia

Mkuu, achana na hilo begi. Nyingi ya hizo seti zimejazwa sponji, vichupa vya mililita 100 na kitambaa kimoja chembamba. Vitu vinavyolinda rangi hasa, yaani ndoo na vitambaa vya maana, ama havimo ama ni vya kubahatisha.

Kwanza ujue unapambana na nini. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka angavu, mafundi wanaliita klia, na kwa magari mengi unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, mwembamba kuliko unywele. Ile mikwaruzo ya duaraduara inayojitokeza kwenye boneti jeusi jua likipiga hailetwi na shampuu ya bei rahisi. Inaletwa na chembe za mchanga zilizonaswa chini ya kitambaa na kuburuzwa juu ya klia. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye vitu vinavyogusa rangi. Kemikali zitafuata.

Orodha ya kuanzia:

- Ndoo mbili za lita 15 hadi 20, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia. Ukipata ule wavu wa plastiki wa kukaa chini ya ndoo, weka kwenye ndoo ya kusuuzia. Unazuia mchanga uliozama usipande tena ukikoroga.
- Ndoo ya tatu, hata kuukuu, ya rimu na tairi peke yake.
- Glavu mbili za kuoshea, za maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki) yenye manyoya marefu. Sponji bapa usinunue: haina manyoya ya kumeza mchanga, kwa hiyo mchanga unabaki usoni pake na kusagwa kwenye rangi.
- Taulo moja kubwa la kukaushia.
- Vitambaa vya maikrofaiba 8 hadi 10, vya gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba.
- Shampuu moja ya gari isiyo kali, yenye pH karibu na 7.
- Brashi laini ya rimu.

Hivyo tu. Nta ongeza baadaye kidogo.

Sabuni ya vyombo: haitababua rangi kwa kuosha mara moja, watu huwa wanaitia chumvi hiyo habari. Tatizo ni kwamba imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo inadhoofisha nta uliyopaka, na haina utelezi wa kutosha kati ya glavu na rangi. Utelezi ndio unaoifanya chembe ielee badala ya kukwaruza. Sabuni ya unga ndiyo usithubutu kabisa. Ina ukali wa alkali, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza zenyewe.

Kipimo cha shampuu fuata lebo. Nyingi zinataka kati ya mililita 20 na 50 kwa ndoo ya lita 10. Ukizidisha hupati usafi zaidi, unapata povu lisilosuuzika na michirizi kwenye vioo.

Namna ya kuosha: gari liwe kivulini na boneti limepoa. Anza na rimu na tairi, kwa sababu uchafu wake unarukia milango, kisha suuza gari zima kwa mpira wa maji kuanzia paa kushuka. Hatua hii ya maji matupu ndiyo wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoondoa mchanga mwingi bila kugusa rangi. Wewe huna presha, basi ipe dakika tano nzima na usisahau chini ya milango na nyuma ya magurudumu.

Halafu glavu kwenye shampuu, osha paa, kisha vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Kila baada ya paneli moja, yaani kipande kimoja cha bodi kama mlango au boneti, ichovye kwenye ndoo ya maji, ikamue, ndipo irudi kwenye shampuu. Sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma viwe vya mwisho, na hapo tumia ile glavu ya pili. Pitisha glavu kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Ikidondoka chini imekwisha kazi kwa siku hiyo, hata ukiisuuza namna gani.

Rimu17

Naunga mkono, ila kwa rimu kuna kitu cha kuongeza maana ndiko watu wanakoharibu.

Ule unga wa kahawia unaoganda kwenye rimu ni vumbi la breki, na ndani yake mna chembe za chuma zilizojipachika zikiwa na moto. Shampuu ya kawaida inatosha kama unaosha kila wiki. Chembe hizo zikishang'ang'ania unahitaji dawa ya kuyeyusha chuma. Utaijua kwa sababu ikikutana na chuma inageuka zambarau, na inanuka kama mayai viza. Puliza kwenye rimu iliyopoa, subiri dakika 3 hadi 5, isugue kwa brashi, suuza. Isikaukie hapo. Vaa glavu za mpira.

Kaa mbali na dawa za rimu zenye asidi mpaka ujue unachofanya. Kwenye rimu zilizochubuka, zisizo na klia, au zile za kung'arishwa tupu, asidi inaacha madoa meupe ambayo hayaondoki kwa kuosha. Na usimwagie maji ya baridi breki zilizotoka kazini sasa hivi, diski inaweza kupinda.

Dawa ya tairi: chagua ya maji, ile nyeupe kama maziwa, si ile ya mafuta inayong'aa kama imelowa. Paka kwa sponji kwenye ubavu wa tairi uliokauka, ngoja dakika 10, kisha futa ziada kwa kitambaa cha zamani. Usipofuta, gari likianza kutembea inarushwa milangoni kama vitone vyeusi. Sehemu inayokanyaga barabara isiguswe kabisa.

Maikrofaiba_Tu

Mtu akinunua vitambaa vizuri halafu akavifua vibaya, amerudi palepale.

Angalia lebo: mchanganyiko wa asilimia 80 poliesta na 20 poliamaidi unatosha kwa kazi nyingi, 70 kwa 30 ni laini zaidi na unafyonza zaidi. Kata ule ushonaji mgumu wa lebo kabla ya kutumia, na vitambaa vyenye pindo la uzi mgumu viende kwenye rimu. Gawa kwa rangi: kwa mfano bluu kwa bodi, kijani kwa ndani, kijivu kwa rimu. Kilichoingia kwenye rimu hakirudi kwenye bodi tena.

Kufua: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo. Hiyo dawa inafunika nyuzi, na kitambaa kinaanza kusukuma maji badala ya kuyanywa. Usifue pamoja na taulo za pamba kwa sababu vitaokota nyuzi zake zote. Pasi usipige, zile nyuzi ni plastiki na zinayeyuka.

Kukausha gari: toa kichwa cha mpira wa maji, acha maji yatiririke taratibu kuanzia paani. Maji yakishuka kama shuka moja yanaondoka na matone mengi, hasa kama kuna nta. Kisha tandaza taulo juu ya boneti, livute polepole kwa pembe mbili kuelekea kwako. Huna haja ya kusugua.

GeuSafi

Asanteni sana, nimeelewa mambo ya ndoo. Swali la nta na polishi bado. Na je, mtu mwenye ndoo moja tu afanyeje? Halafu vioo vyangu vina alama nyeupe za matone ambazo hazitoki kwa shampuu.

Fundi_Klia

Polishi inakata, nta inafunika. Polishi na kompaundi (ambayo ni kali zaidi ya polishi) zina chembe za kusugulia zinazopunguza klia ili kingo za mikwaruzo zilainike. Kila ukipiga unapunguza kitu ambacho hakirudi. Nta haipunguzi chochote, inakaa juu na kupokea jua, vumbi na mavi ya ndege kabla ya rangi. Anza na nta. Polishi iache mpaka uwe na sababu, na ukifika huko ujaribu kipande cha sentimita 40 kwa 40 kwanza. Na soma lebo vizuri, kwa sababu kuna chupa zinazouzwa kama nta huku ndani zina kisugulio. Ikiandikwa kwamba inaondoa mikwaruzo au rangi iliyofifia, basi inakata, au inajaza mikwaruzo kwa mafuta na itaonekana tena baada ya kuosha mara chache.

Kati ya nta ya karnauba, ambayo ni ya asili kutoka kwenye mmea, na ile ya kutengenezwa maabara, kwa gari linalolala nje ningechagua ya maabara. Karnauba inapendeza kwenye jeusi lakini jua linaimaliza ndani ya wiki kadhaa, wakati hizi nyingine zinakwenda miezi. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi. Kiasi cha ukucha wa kidole gumba kinatosha nusu ya boneti. Ukiona weupe mzito umezidisha, na kuifuta itakutoa jasho. Isiguse plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, inaacha ukungu mweupe kwenye vinyweleo vyake.

Kabla ya nta ya kwanza, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upitishe vidole kwenye boneti lililooshwa. Ukihisi kama msasa, shampuu pekee haikutosha. Hapo ndipo ule udongo wa kusafishia rangi unapohitajika: kipande cha gramu 50 hivi, rangi ikiwa imelowa maji ya shampuu muda wote, mstari ulionyooka, na kuukunja upate uso msafi kila mara. Ukidondoka, tupa. Ukihisi boneti ni laini, udongo usiutumie, nao huacha mikwaruzo midogo.

Maikrofaiba_Tu

Kuhusu ndoo moja: inawezekana, na kwa maoni yangu si duni kuliko ndoo mbili. Weka shampuu kwenye hiyo ndoo, zamisha vitambaa vya maikrofaiba 8. Toa kimoja, kikunje mara nne, osha paneli moja kwa kugeuza upande msafi, kisha kitupe pembeni. Kilichotumika hakirudi ndooni. Maji yanabaki safi mwanzo hadi mwisho. Gharama yake ni kufua vitambaa vingi kila mara.

Fundi_Klia

Hapo sikatai, ila manyoya ya vitambaa hivyo ni mafupi kuliko ya glavu. Gari likiwa na tope, bado nachagua glavu na ndoo mbili.

NdaniYaGari

Hizo alama za vioo ni madini, hasa kalsiamu, yaliyobaki maji yalipokauka juani. Changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, kiache juu ya alama dakika mbili au tatu, futa, suuza kwa maji mengi. Isimwagikie rangi ikakaukia hapo. Zisipotoka kwa mara mbili tatu zimeshakula kioo, na hapo ni kazi ya polishi ya vioo. Kama vioo vimebandikwa tinti, upande wa ndani usitumie dawa yenye amonia, inaharibu baadhi ya tinti. Vitambaa viwili vinatosha: kimoja chenye unyevu, kingine kikavu. Ukifuta ndani kwa mistari ya kulala na nje kwa mistari ya kusimama, mchirizi ukibaki unajua uko upande gani.

Kwa ndani ya gari hujauliza, lakini chupa moja ya sabuni ya kazi zote inakuokoa kununua tano. Uwiano wa 1 kwa 10 unatosha plastiki na viti vya kitambaa: kwa chupa ya nusu lita, weka mililita 45 za sabuni kisha jaza maji. Pulizia kwenye kitambaa, si kwenye dashibodi, maana maji yakiingia kwenye swichi za vioo ndiyo mwanzo wa matatizo ya umeme. Skrini ifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matupu.

Viti vya kitambaa visiloweshwe. Sugua kwa povu na brashi laini, nyonya unyevu kwa kitambaa kikavu, acha milango wazi mpaka vikauke hadi ndani. Sifongo iliyo chini ikibaki na maji, baada ya siku mbili gari linanuka uvundo na hakuna manukato yatakayoufunika. Na dawa ya kung'arisha dashibodi isiguse usukani wala pedali, inateleza.