Naomba ushauri: kaka yangu amechoshwa na maumivu ya mgongo

Habarini ndugu zangu. Niko Arua, Uganda. Kaka yangu aliendesha bodaboda mpaka ajali ikamuumiza mgongo. Mfupa uliunga, lakini maumivu hayajawahi kuondoka. Usingizi hapati, chakula anakigusa tu, na walewale waliokuja kumpa pole sasa wanamwita mvivu (nionavyo mimi, maneno hayo yanammaliza kuliko mgongo wenyewe).

Juzi alisema tutapumua akishaondoka. Nikamuuliza wazi: unafikiria kujiua? Akajibu ndiyo. Tangu hapo haachwi peke yake, na dawa zote nazitunza mimi.

Kliniki wanampa vidonge vya maumivu, hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo wake. Mama anataka maombi. Sikatai, ila nataka na daktari, tena wiki hii hii. Je, ni lazima tusafiri mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, au hospitali ya rufaa ya hapa Arua itatupokea kwa mambo ya akili? Nasikia Hospice Africa Uganda, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi kule Makindye, Kampala, hutengeneza mofini ya kunywa (dawa kali ya maumivu). Asiye na saratani hupewa? Na usiku anapolia, nimwambie nini?