Kombaini imefika kijijini, vibarua wangu nawaambia nini?

Ekari12: Habari za jioni wakuu. Nalima mpunga ekari 12 Usangu, wilaya ya Mbarali, mbegu Saro. Tangu enzi za mzee tunavuna kwa mundu: kundi la watu ishirini, akina mama na vijana, wengine wanashuka kutoka Makete kila msimu. Wanakata, wanapiga kwenye turubai, wanapepeta. Nalipa 160,000 kwa ekari, chakula juu yangu, na shamba lote linakwenda siku 12. Mwaka huu jamaa kaleta kombaini, mashine inayokata na kupura kwa pamoja, anataka 110,000 kwa ekari na anasema kwa siku mbili tumemaliza.

Siyo hela tu. Msimu uliopita zamu yangu ilichelewa siku tisa kwa sababu kila mtu anavuna wiki ileile. Mpunga ulikauka ukawa ukiguswa unapukutika. Nilichuchumaa kwenye kipande cha hatua mbili kwa mbili, nikaokota punje moja moja, nikajaza kopo la mafuta ya kupaka. Pigeni hesabu ya ekari nzima. Lakini mama anayeongoza kundi ndiye aliyetuazima mbegu mwaka aliofariki mzee. Naanzia wapi?

Pawatila: Kwanza pole kwa mzee. Kabla ya huruma, angalia majaruba yako, yaani vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta. Kombaini ya matairi ikiingia kwenye tope inazama, mtakesha mnaivuta. Ulizia ya minyororo, na maji uyafunge mapema. Majaruba madogo haigeuki, kona zinabaki, hapo mundu bado unahitajika. Halafu mpunga wake unatoka mbichi, unyevu asilimia 20 na zaidi. Ukiufunga kwenye gunia hivyo unachemka, na ukienda kukoboa unaambulia chenga. Anika mpaka ushuke 14 hivi.

Hesabu_Kavu: Mkuu, 160,000 kwa watu ishirini ni elfu nane nane kwa siku. Hata ukiwa na roho ya malaika huwezi kuwapa elfu ishirini, maana mkono mmoja na mundu hauzalishi hiyo thamani. Ndiyo maana vijana wanakimbilia bodaboda. Chukua kombaini. Ujira mdogo si wema.

Ekari12: Sawa, lakini hiyo elfu nane ndiyo ada ya mtoto wa mtu. Kombaini ikija haiwi elfu ishirini, inakuwa sifuri.

Chai_Kijani: Naandika kutoka Kericho, Kenya. Nilichuma majani chai miaka 11, tukilipwa kwa kilo. Mashine zilipokuja hakuna aliyetuita, tulizikuta tu shambani asubuhi. Mei 2023 watu walizichoma, nyote mlisikia. Sisemi ilikuwa sawa, na mimi kazi sikurudishiwa. Ila kilichotuuma zaidi ni kutoambiwa. Huyo mama mwendee kabla hajasikia injini.

Pawatila: Naongezea kwa Chai_Kijani: kupandikiza na kupalilia huku kwetu bado ni mikono, na huko ndiko watu wanakosekana kila mwaka. Waahidi kazi hiyo sasa, tena weka bei mezani. Ahadi bila bei ni porojo.

Ekari12 (siku nne baadaye): Wakuu, nimekwenda. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaeleza yote, hata la kopo. Hakulia wala hakunifokea. Aliuliza tu, "Hiyo mashine yako inaanika?" Nikasema hapana. Akauliza ninayo maturubai mangapi. Manne. Akacheka, akasema kwa ekari 12 mpunga utalala kwenye magunia na utanuka. Anataka kundi lake lianike, ligeuze, lilinde ndege na mbuzi, na lisafishe kona. Anataka malipo kwa gunia. Kundi limepungua, wamebaki tisa. Wale wa Makete kawapigia simu mwenyewe kuwaambia wasije, na hilo limenikaa kooni.

Ametaja 3,000 kwa gunia la mpunga mkavu. Wanaojua bei za kuanika, ni haki au niongeze?

Pawatila: Ongeza. Na nunua maturubai kabla kombaini haijaingia shambani.