Naombeni msaada wa haraka: "by" na "until" zinatofautiana vipi?

Mtumbwi_Mdogo (mwanzisha uzi)
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina swali dogo la Kiingereza na jibu nalihitaji kabla ya kesho saa mbili asubuhi. "By" na "until" si zote ndo "mpaka"? Sasa mtu anajuaje pahala pa kuweka hii na pahala pa kuweka ile? La pili, ni "in the boat" au "on the boat"? Skuli nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza cha kuongea nnacho, na wageni nnaelewana nao vizuri tu. Hivi vineno vidogo ndo vinanitoa jasho. Tafadhali msinitajie vitabu, na msiniulize ya nini.

Urojo_Bila_Bajia
Waalaykum salaam. Ya nini?

Mwalimu_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na msingi, maana nyumba haianzi paa. "At" ni nukta: "at the jetty", "at 2 o'clock". "On" ni juu ya kitu, au siku: "on the beach", "on Friday". "In" ni ndani ya kitu au ndani ya kipindi: "in the room", "in July", "in the morning". Halafu giza likiingia wanakugeuka, wanasema "at night". Nimesomesha miaka 31, na kila mwaka hakosi mtoto wa kuniuliza kwa nini usiku usiwe "in". Namwambia akariri, tuendelee.

Na msione ajabu, sisi tunavyo vyetu. Chukua neno "chomboni". "Chomboni pana mtu", "chomboni kuna mtu", "chomboni mna mtu". Neno ni lile lile ila "pana" inaonyesha pahala penyewe, "mna" inazama ndani. Hiyo "pa" inakaribiana na "at", na "mu" inakaribiana na "in". Kwa "on" ndo hatuna kiambishi, lazima useme "juu ya". Ama kuhusu chombo: mashua ndogo unakaa ndani yake, basi "in". Meli unayotembea juu yake, "on". Ndo vile vile "in a car" lakini "on a bus".

Urojo_Bila_Bajia
Mwalimu, kaulizwa "by" na "until".

Shoga_wa_Mapokezi
Mmenikumbusha mbali! Mwaka wangu wa kwanza hoteli moja huko mashamba, daladala ikatufia Tunguu, saa ya zamu imeshapita. Nikamwandikia meneja, mama wa kizungu, "I am in the way." Mimi nasema niko njiani. Akanijibu, "Of course you're not, what's wrong?" Nikashangaa, huyu anabisha nini wakati miye niko barabarani kweli najipepea na kanga? Kufika, naitwa ofisini, mlango unafungwa, chai inaletwa. Ananiuliza taratibu kama nyumbani kuna salama. Kumbe "on the way" ndo njiani, "in the way" ni kuwa kizuizi, mtu anayewakera wenzake. Yeye kadhani najiona mzigo duniani. Na mimi wakati ule ndoa yangu ilikuwa inayumba, basi alivyoniuliza tu nikaangua kilio cha kweli. Nikapewa siku mbili za kupumzika.

Urojo_Bila_Bajia
Mimi nishaona kibao cha safari ya baharini kimeandikwa "See dolphins in swimsuits". Nikamuuliza mwenyewe, hao pomboo nguo zao wananunua soko la Darajani?

Mwalimu_Mstaafu
Hapo kosa si neno, ni pahala lilipokaa. "In swimsuits" limeganda kwa jirani yake wa karibu, pomboo.

Karafuu_Mbichi
Mtumbwi, tuwekee sentensi nzima. Kijineno kikiwa peke yake hakina kazi.

Mtumbwi_Mdogo
Haya. "Please be in the boat until 2 o'clock." Maana yangu: mpaka saa nane muwe chomboni. Iko sawa au haiko sawa?

Urojo_Bila_Bajia
Bora hukuandika "8 o'clock".

Karafuu_Mbichi
"Maana yangu"? Ishakwenda hiyo?

Mtumbwi_Mdogo
Ishakwenda. Jumatano.

Karafuu_Mbichi
Kwa nani, na kisha ikawaje? Kaka, unatutolea maneno kama mtu anayelipishwa kwa herufi.

Mtumbwi_Mdogo
Basi naeleza, ila msinihukumu.

Natembeza wageni. Jumatano tulikuwa na wanne, tukawapeleka fungu la mchanga la Nakupenda. Wawili wakataka kwenda kisiwa cha Changuu kuona makobe, nikapanda nao boti ya rafiki yangu. Wawili wengine, mtu na mkewe, nikawaacha fungu na nahodha wetu. Fungu lenyewe mnalijua, maji yakijaa linazama lote. Kwa hiyo nikawatumia ujumbe huo wa saa nane ili maji yasiwakute chini.

Ninavyoelezwa, walipousoma wakapanda mashuani saa tano na nusu. Wakakaa. Jua la utosi, nahodha kawatandikia turubai, anawaonyesha kwa mkono washuke waogelee, wao wanamwonyesha simu. Saa nane ilipogonga wakashuka! Wakatandika taulo, kamera juu ya mkoba, mkoba juu ya mchanga. Nahodha anapiga kelele "maji, maji", wanacheka, wanamjibu "yes, maji". Hilo neno walijua ni la kunywa, wakamwonyesha chupa zao. Niliporudi saa tisa maji yako magotini, mkoba unaelea, kamera haiwaki.

Sasa wanadai pesa ya safari na bei ya kamera. Tajiri wangu wa kazi anataka maelezo ya maandishi kwa Kiingereza kesho saa mbili. Nnachotaka kujua ni hicho tu: kama "by" na "until" ni kitu kimoja, basi wao ndo waliosoma vibaya.

Shoga_wa_Mapokezi
Wallahi nimecheka mpaka mwanangu kaamka. "Yes, maji"!

Mwalimu_Mstaafu
Si kitu kimoja, mwanangu, na wale hawakusoma vibaya. Walisoma ulichoandika, herufi kwa herufi.

"Until" ni hali inayoendelea na kukoma saa hiyo. "Be in the boat until 2": kaeni humo, saa nane ikifika mko huru. "By" ni mwisho wa muda wa jambo kutimia: "Be in the boat by 2", muwe mmeshapanda kabla saa nane haijapita. Sisi "mpaka" yetu inabeba yote mawili kwa sababu kazi tumemwachia kitenzi. "Kaa mpaka saa nane", na "mpaka saa nane uwe umeshapanda". Hilo "umeshapanda" ndilo linalofanya kazi ya "by". Wewe ulipovuka kwenda Kiingereza ulichukua "mpaka" ukakiacha kitenzi ufukweni.

Bi_Mkubwa_wa_Mkunazini
Mimi Kiingereza sikijui wala sikitaki. Nauliza moja. Huyo nahodha umemtaja mara nyingi, na kwenye hayo maelezo ya kesho yumo?

Mtumbwi_Mdogo
Bi Mkubwa, shikamoo. Yumo kidogo.

Bi_Mkubwa_wa_Mkunazini
Marahaba. Kidogo kiasi gani?

Mtumbwi_Mdogo
Nimeshamwambia tajiri kwa mdomo kuwa nahodha alichanganya saa, hakuwapandisha mapema. Na ule ujumbe nimeshaufuta kwa wote. Lakini nisikilizeni kabla ya kunirukia. Nahodha ni ami yangu, ndugu wa baba khalisa, mtu mzima, tajiri anamheshimu, hatofukuzwa. Mimi nina miezi minne tu kazini na nilipoingia nilisema Kiingereza changu hakina wasiwasi. Nikiondoka mimi, mdogo wangu skuli haendi. Ami mwenyewe hajui hata nini kimeandikwa. Hadhuriki na kitu.

Bi_Mkubwa_wa_Mkunazini
Hajui kimeandikwa nini, kwa hiyo ndo mwepesi wa kubebeshwa? Mzee wa watu kapiga kelele na turubai kawatandikia! Mwogope Mungu, mwanangu. Baba yako angekuwa karibu ungemwambia haya?

Karafuu_Mbichi
Na kuufuta ujumbe ni bure. Mtu aliyeharibikiwa kamera ameshaupiga picha ujumbe huo zamani.

Kojani_Kwetu
Salaam. Mimi kwetu Kojani, Pemba, bahari nimeijua kabla ya kutembea. Nimesoma uzi wote na kuna kitu hakiniingii. Jumatano iliyopita mwezi wa angani ulikuwa na siku nane. Mwezi nane ni maji mafu. Siku kama hiyo maji ya Unguja yanajaa saa nne asubuhi, na saa nane mchana yanapwa, yanakwenda kwao. Na maji mafu hata yakijaa hayajai kwa nguvu. Sasa huo mkoba ulielea kwenye maji gani saa tisa? Ya chupa?

Urojo_Bila_Bajia
Lo! Uzi umekwama fungu.

Shoga_wa_Mapokezi
Jamani, na mimi nimeshamsimulia mpaka mume wangu.

Urojo_Bila_Bajia
Mimi nilishashuku mapema. Mtu anauliza "by" na "until", mara anatokea mwalimu na jibu limeiva kama limepikwa jana. Kesho tutatajiwa ada, darasa liko ghorofa ya pili.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, mimi nina mbuzi sita na shamba la mihogo. Darasa sina.

Karafuu_Mbichi
Tusimtukane mwalimu. Lakini Mtumbwi yuko wapi? Nusu saa sasa kimya.

Mtumbwi_Mdogo
Nipo. Nilikuwa naongea na simu. Mzee wa Kojani ana haki. Haikuwa Jumatano iliyopita, ilikuwa wiki ya nyuma yake. Nilibadilisha siku kwa makusudi, mji wetu mdogo, manahodha wa Nakupenda wanajuana, nikaogopa mtu atahesabu boti ajue ni nani. Maelezo tajiri kaniomba mara mbili nikimzungusha, kesho ndo mwisho. Mengine yote ni kweli.

Kojani_Kwetu
Wiki ya nyuma yake Jumatano hiyo hiyo utaniambia mwezi mosi, siku za maji makubwa, bila ya kufikiri, maana umeshaona nimehesabu. Hilo sikuulizi. Niambie hivi: mlipofika fungu asubuhi maji yalikuwaje?

Mtumbwi_Mdogo
Tulifika saa tatu na nusu, yanapwa bado. Mwisho wa kupwa ilikuwa kama saa nne na robo. Ami alishusha nanga mbali, tukatembea na wageni majini pahala ambapo siku nyingine boti zinapita. Akasema leo ni bamvu, maji makubwa, jioni yatarudi kwa hasira.

Kojani_Kwetu
Bamvu hasa. Na hiyo kauli ni ya mtu mzima wa baharini, wewe huwezi kuitunga. Nimekuamini. Ami yako kwa maneno yako mwenyewe alijua saa ya maji toka asubuhi, kisha unakwenda kuandika kwamba alichanganya saa?

Mtumbwi_Mdogo
Ndo yeye niliyekuwa naongea naye kwenye simu. Tajiri alishampigia jana. Ami hakusema kitu, kajibu tu "labda nilikosea mimi." Kanambia nilale, kesho baharini mapema.

Bi_Mkubwa_wa_Mkunazini
Umesikia mwenyewe.

Mtumbwi_Mdogo
Nimesikia, Bi Mkubwa. Mwalimu, swali la mwisho. Ni "sorry for" au "sorry about"?

Mwalimu_Mstaafu
Yote mawili hutumika, inategemea unakiri nini. Kamera: "I am sorry about your camera." Hapo unawapa pole, na hata mpita njia anaweza kusema hivyo. Kitendo chako mwenyewe: "I am sorry for writing the wrong word." Hapo mwandishi ni wewe. Andika rasimu uilete hapa, mimi nipo mpaka saa sita. Hiyo ni "until".

Urojo_Bila_Bajia
Na wewe ulete "by" saa sita. Mzee ana mbuzi wa kufungua alfajiri.