Ukaguzi wa usalama wa ishara za treni: nianzie reli ya zamani hapa Tanga, SGR, au LATRA moja kwa moja?

MtotoWaChumbageni
Wakuu habari za jioni. Nina diploma ya umeme, nipo Tanga mjini, kwa sasa nafunga nyaya za majumbani na kuokoteza vibarua viwandani. Lengo langu ni ukaguzi wa ishara na mifumo ya kuongoza treni. Namaanisha yule mtu anayekuja kuangalia kama taa, pointi (pale treni inapohamishwa njia) na mitambo ya stesheni iko salama, na akisema treni isipite, haipiti. Naona njia tatu: ufundi kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja, kuwania SGR (reli mpya ya kisasa), au kusubiri nafasi LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, nianze kama afisa. Nipeni tofauti za kazi yenyewe, mishahara tutaongea siku nyingine.

FundiMstaafu_Pongwe
Mdogo wangu, mimi nimestaafia kwenye ishara, kwa hiyo maneno yangu yachuje. Anzia reli ya zamani. Sikwambii kwa mapenzi ya historia, ingawa njia hii ya Tanga ilianza kujengwa 1893 kabla ya nyingine yoyote Tanganyika. Nakwambia kwa sababu kule mtambo unauona kwa macho. Umeme ukikatika, kile kipande ndani ya relei (swichi inayoendeshwa na umeme) kinaanguka chenyewe kwa uzito wake na ishara inakuwa nyekundu. Kazi yetu yote imejengwa hapo: kitu kikiharibika, kiharibike kwa kusimamisha treni. Mkaguzi ambaye hajawahi kuishika relei ataishia kujaza fomu.

Halafu kuna hii hewa yetu ya bahari. Saketi ya reli ni umeme mdogo unaopita kwenye reli mbili. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zinaziunganisha, relei inaanguka, stesheni inajua njia ina treni. Sasa reli yenye treni chache, kwenye unyevu wa chumvi, inaota kutu pale pale gurudumu linapokanyaga. Kutu ikizidi, gurudumu haligusi chuma kitupu, na mtambo unaweza kukwambia njia nyeupe wakati behewa limesimama mbele yako. Hakuna hitilafu mbaya kama hiyo, maana haipigi kelele. Kuipima, unalaza waya wenye ukinzani unaojulikana juu ya reli zote mbili, unaangalia relei inaanguka au inakudanganya. Kanuni za Marekani zinataka ianguke kwa omu 0.06. Ukiona relei inasitasita, hapo ndipo mkaguzi anapojulikana.

BintiMuheza
Shikamoo mzee. Ya relei nakubali, ila kwa kijana wa leo tutofautiane kidogo. Akizeekea huko, akija huku anaanza upya. SGR imejengwa kwa ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ngazi ya pili. Kibali cha kwenda kinamfikia dereva kwa redio kwenye skrini yake, baliza zilizofungwa katikati ya reli zinaiambia treni iko wapi, na dereva akizidisha mwendo kompyuta inashika breki bila kumuomba ruhusa. Kwenye kilomita 160 kwa saa huwezi kutegemea macho ya mtu kusoma taa za pembeni.

Kuukagua mfumo huo ni kazi ya mezani zaidi kuliko watu wanavyodhani. Unauliza programu iliyomo ni toleo lipi na lililoidhinishwa ni lipi. Nani alibadilisha data ya njia, na ni nani mwingine aliyeihakiki? Na kutu ya mzee ina dawa: kihesabu ekseli. Kinahesabu zinazoingia na zinazotoka, kutu hakiijui.

FundiMstaafu_Pongwe
Marahaba mwanangu. Kutu hakiijui, na reli iliyokatika pia hakiijui. Saketi mara nyingi huikamata. Tena watu wakinyanyua kiberenge kikiwa katikati ya kipande wakakiweka pembeni, mtambo unaendelea kuamini kimo humo mpaka mtu aje kufuta hesabu. Mimi ningemkagua huyo mfutaji kwanza, kabla ya mtambo. Alihakikishaje njia ni tupu? Alitembea, au alipiga simu?

BintiMuheza
Hapo sina ubishi 😄

BodaWaMwangombe
Samahani wataalamu, nadandia. Tambukareli ninayopita mimi kila siku haina geti wala taa, ni kibao tu. Hiyo nayo ya mkaguzi wa ishara au nani?

Msafiri_Korogwe
Ni ya kwako wewe na breki zako, yakhe! Lakini mkaguzi anaihusu pia: kibao kinaonekana, majani yamekatwa, dereva wa treni ana mahali pa kupiga honi. Zenye taa na kengele ndiyo kabisa, lazima zipimwe kwa ratiba.

Mkaguzi_Kimya
Nimewahi kuwa upande wa ukaguzi, kwa hiyo niseme la njia ya tatu. LATRA ilikuja kwa sheria ya 2019 ikirithi mambo ya nchi kavu ya SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri wa nchi kavu na majini, na mzigo wake ni mabasi, daladala, bodaboda pamoja na reli. Usitegemee kuajiriwa ukashinda kwenye relei tu. Marekani, FRA (mamlaka yao ya reli) ina wakaguzi wa ishara na udhibiti wa treni peke yao, wengine wa njia, wengine wa mabehewa, wengine wa uendeshaji. Kwa nchi yenye mtandao mdogo kama wetu, anayejua zaidi ya kimoja ndiye anafaa. Igandu, Dodoma, 24 Juni 2002, watu 281 walikufa: treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga ya mizigo. Taa nzuri namna gani ingeizuia? Kwa hiyo soma na breki.

Ila faida ya mdhibiti ni moja na ni kubwa: hukagui kazi ya mkono wako, wala ya bosi anayekusainia likizo. Clapham Junction, London, 12 Desemba 1988, walikufa 35. Fundi alifunga waya mpya, wa zamani akauacha bila kuukata, ukagusa mahali usipotakiwa, na ishara ikashindwa kuwa nyekundu treni ikiwa mbele. Fundi huyo alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13. Na hakuna mtu wa pili aliyeingia kuhesabu nyaya. Mimi nikifika kwenye chumba cha relei, naomba daftari la zamu kabla ya michoro. Mafundi hawapendi, najua.

FundiMstaafu_Pongwe
Hatupendi kweli. Lakini mkaguzi aliyewahi kuwa fundi tunamvumilia, maana anajua saa nane usiku kwenye mvua mtu huruka hatua ipi.

MtotoWaChumbageni
Nawashukuru sana, mzee, dada na kaka. Naona wote mnanivutia kwenye ufundi kwanza, mnabishana ni reli ipi tu. Naelemea ya zamani kwa miaka michache huku nikijisomea mitandao ya kompyuta jioni. Kuna cheti cha kuongeza?

BintiMuheza
Ulizia kozi za chuo cha reli Tabora, diploma yako ya umeme inakusogeza. Kabla ya yote kapime macho, kuona rangi. Ukichanganya nyekundu na kijani, milango mingi ya reli haifunguki, hata uwe na vyeti gunia.

MtotoWaChumbageni
Kile kitabu cha vidoti vya rangi? Tanga wanapima wapi?

Msafiri_Korogwe
Anza kuuliza hospitali ya Bombo, kliniki ya macho. Nenda asubuhi, foleni ya pale usiiombe.