Pembeni ya Jiji la Tanga: tuanze na Pongwe na Chongoleani, au visiwa?

Mgosi wa Chumbageni:
Wakuu, naomba tulinganishe bila kurushiana maneno. Mtu akisema Tanga mjini anawaza Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, basi. Tumepewa hadhi ya jiji tangu 2005, lakini kuna sehemu mbili bado zinasubiri: kata za pembeni (Pongwe, Mabokweni, Chongoleani) na visiwa (Toten, Ulenge, Yambe, Karange). Hela ikitosha upande mmoja tu, mnaipeleka wapi?

Mimi naipeleka visiwani. Toten iko mbele ya bandari, ina magofu ya misikiti na makaburi ya kale, na kuna watu wamezeeka Ngamiani wanaiona tu kwa mbali. Ulenge kuna mnara wa taa na gofu la enzi za Mjerumani. Mgeni anaingia Mapango ya Amboni asubuhi, mchana yuko stendi anaulizia basi la Arusha. Tumpe sababu ya kulala.

Kijana wa Pongwe:
Wewe unamtafutia mgeni sababu ya kulala, mimi natafuta namna ya kufika kwangu nikalale. Kiwanda cha saruji kiko kwetu, malori ya barabara ya Segera yanapita kwetu, viwanja vinauzwa kila siku na watu wanajenga. Usiku ukiingia daladala zinakata, unabaki na bodaboda anayetaja bei akikuangalia viatu. Mama zetu wanapeleka mchicha Mgandini alfajiri, na daladala haiondoki mpaka ijae. Ukifika sokoni umeshanyauka, mteja anakukata bei. Weka soko la maana Pongwe na usafiri wenye saa zake, utaona mji unavyohamia huku wenyewe.

Nahodha wa Sahare:
Mgosi, umewahi kushuka Toten maji yakiwa yamekupwa? Mashua inakwama mbali, unavua viatu, unakanyaga tope kati ya mikoko, mguu mmoja unaingia hadi goti na wa pili unautafutia pa kuuweka. Huyo mgeni wako mwenye kamera atarudi tena? Halafu kusi likivuma kuna siku hatutoki kabisa. Wavuvi wanaopiga dago (kambi ya muda ya uvuvi) visiwani wanabeba maji ya kunywa kwa madumu kutoka bara. Anza na maji na gati, magofu yamesubiri miaka mingi, yatasubiri kidogo tena.

Jambo lingine, visiwa hivyo havina mwenyewe mmoja. Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale) iliyotangazwa 2009, na Ulenge ni eneo tengefu. Halmashauri haiwezi kuamka tu ikajenga vibanda vya chipsi.

Mama wa Mwani:
Mimi wa Chongoleani, naomba niongee. Kwetu ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, km 1,443. Mkisikia hivyo mnadhani tumeshatoka. Kazi za ujenzi zina mwisho wake, na vijana waliokuwa wakibeba vyuma watauliza kinachofuata. Sisi wanawake bado tuko kwenye mwani. Tunafunga kamba maji yakitoka, tunaanika, mvua ikinyesha tunakimbia na maturubai kwa sababu hatuna banda. Mwani uliolowa mnunuzi anaushika, anaunusa, anashusha bei. Banda moja la kuanikia lingetusaidia kuliko hotuba. Mimi sichagui kisiwa wala Pongwe, nachagua penye watu tayari wanaofanya kazi.

Mtanga Ughaibuni:
Mama umegusa penyewe. Niko Japani, na Tokyo ina mtihani unaofanana na wetu. Magharibi kuna eneo la Tama, kusini kuna visiwa vya Izu na Ogasawara, vyote chini ya serikali hiyohiyo ya Tokyo. Ogasawara iko kama km 1,000 baharini, haina uwanja wa ndege, meli ni saa 24. Iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, na mpaka leo mgeni anafika kwa meli. Lakini meli ina ratiba, na maisha ya kisiwa yanapangwa kwa ratiba hiyo. Japani ina sheria ya kuendeleza visiwa vya mbali tangu 1953, haikusubiri watalii.

Tama ni funzo kwa Pongwe. Walijenga mji mpya mzima, wakazi wa kwanza wakaingia 1971, familia changa tupu. Wamezeeka kwa pamoja, na majengo mengi ni ya ghorofa tano bila lifti. Bibi anapandisha mchele ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo Kijana, viwanja kuuzwa siyo maendeleo.

Kijana wa Pongwe:
Sisi hata hiyo ghorofa tano hatuna, mkuu. Acha kwanza tupate cha kuzeekea.

Mgosi wa Chumbageni:
Ughaibuni, visiwa vya Tokyo vina wakazi, shule na wapiga kura. Vyetu vingi ni dago na mikoko, huwezi kuvipima kwa mizani ileile. Nabaki na Toten peke yake: gati la mbao, choo, na mwongozaji anayejua kueleza. Hayo ni mambo ya kukaa na watu wa hifadhi, siyo mabilioni.

Nahodha wa Sahare:
Hapo tunaelewana. Boti je? Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Vijana wa Sahare wachukue mashine na boti ya faiba yenye maboya ya kuokolea. Siku hakuna mgeni, wanavua.

Mama wa Mwani:
Na hizo 4 za wanawake msizipangie boti. Banda.

Kijana wa Pongwe:
Mimi nataka tu LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, watuambie daladala ya mwisho ya Pongwe inatakiwa kuondoka saa ngapi. Nani anaijua ofisi yao, tuandike barua?